Ndege Ikipoteza Shinikizo la Hewa: Ishuke kwa Kasi Gani?

Kwenye meza ninayofundishia wanafunzi wa uhudumu wa ndege hapa Mombasa huwa naweka chupa tupu ya maji iliyobonyea mbavu. Nilikunywa maji yake nikitoka Nairobi, nikakaza kifuniko tulipokuwa juu ya Tsavo, na ndege ilipotua Port Reitz hewa nzito ya pwani ilikuwa imeiminya chupa hiyo kana kwamba imefinywa kwa kiganja. Hiyo ni tofauti ndogo tu, kati ya hewa ya kabini na hewa ya usawa wa bahari. Kwenye kimo cha futi 35,000, shinikizo la hewa ya nje halifiki robo ya lile la ufuoni Nyali, na baridi yake ni nyuzi 54 hivi chini ya sifuri. Kinachomtenga abiria na hewa hiyo ni ukuta mwembamba wa bodi pamoja na mitambo inayosukuma hewa ndani, ili apumue kana kwamba ameketi Eldoret, mji wa nyanda za juu.

Ninapouliza rubani afanye nini ukuta huo ukitoboka au mitambo hiyo ikizimika, darasa hugawanyika. Wapo wanaosema, "Mwalimu, ashuke kwa kasi yote aliyo nayo, watu wanakosa pumzi." Wengine huwajibu papo hapo kwamba bodi iliyokwisha kuraruka haiwezi kukimbizwa, na kwamba rubani atakuwa anaimalizia mwenyewe. Kila upande una hoja yenye uzito, na marubani wenyewe hufundishwa njia zaidi ya moja. Nimeandika ulinganisho huu kwa wanaojiandaa kwa kazi ya ndege, iwe ya kurusha au ya kuhudumu, na kwa abiria anayetaka kuelewa ni kwa nini ndege mbili zilizopatwa na tatizo linalofanana zinaweza kushuka kwa namna mbili tofauti.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni muda: muda wa fahamu za watu na muda wa oksijeni iliyobebwa. Kwenye futi 25,000, mtu asiye na barakoa ana dakika 3 hadi 5 za kuweza kutenda jambo la maana. Kwenye futi 35,000 ana sekunde 30 hadi 60, na kwenye futi 40,000 ni sekunde 15 hadi 20 tu. Hewa ikitoka kwa kishindo, muda huo hupungua karibu nusu. Ieleweke kwamba hapa hatuzungumzii kuzimia. Mtu anaweza kuwa macho, anatabasamu, anajihisi mzima kabisa, ilhali hawezi tena kujumlisha saba na nane wala kukumbuka kwamba barakoa inaning'inia mbele ya uso wake. Barakoa za abiria huanguka zenyewe hewa ya kabini inapofikia hali ya futi 14,000 hivi. Katika ndege nyingi, oksijeni yake hutengenezwa na kemikali ndani ya mtungi mdogo ulio juu ya kiti: abiria akiivuta barakoa, pini huchomoka, mtungi hupata moto, harufu kama ya kitu kinachoungua husikika, na oksijeni hutiririka kwa takriban dakika 12 bila kuweza kuzimwa. Lengo la rubani ni kufika futi 10,000, kimo ambacho watu wengi wenye afya hupumua bila msaada, kabla ya mitungi hiyo kwisha.

Kigezo cha pili ni uzima wa bodi, yaani kama ndege bado ni nzima kiasi cha kuhimili mwendo mkubwa. Cha tatu ni kilicho chini, milima au bahari, pamoja na mafuta yatakayohitajika baada ya kushuka. Cha nne ni miili ya walio ndani: masikio, mapafu, wazee, watoto, na wagonjwa ambao hawawezi kukaa muda mrefu bila oksijeni ya kutosha.

Jambo moja linatangulia vigezo vyote vinne, nalo ni barakoa za marubani wenyewe. Barakoa hizo zimeundwa ili zivaliwe kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, na hakuna mjadala wa kasi kabla hazijakaa usoni. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios aina ya Boeing 737 iliyotoka Larnaca, Cyprus, kuelekea Athens ilipaa huku mtambo wa shinikizo ukiwa umeachwa katika hali ya kuendeshwa kwa mkono. Honi ya tahadhari ililia, marubani wakaidhania kuwa onyo la jambo jingine, na fahamu zikawatoka bila maumivu yoyote ya kuwastua. Ndege iliendelea kuruka yenyewe kwa zaidi ya saa mbili, kisha ikaanguka karibu na Grammatiko, na watu wote 121 wakafa. Hakuna aliyeishusha, si kwa upesi wala kwa taratibu. Ninaisimulia habari hii kila muhula, na bado hunikaba koo.

Njia ya kwanza: kushuka kwa kasi ya juu inayoruhusiwa

Hii ndiyo njia ambayo marubani huifanyia mazoezi mara nyingi zaidi katika vyumba vya kuigiza urukaji. Nguvu za injini hupunguzwa hadi mwisho, vibao vilivyo juu ya mabawa huinuliwa ili kuzuia upepo, pua huinamishwa, na mwendo huachwa upande hadi karibu na kikomo kilichowekwa na mtengenezaji.

Kwa upande wa muda, njia hii haina mshindani. Ndege iliyokuwa futi 37,000 ina futi 27,000 za kushuka hadi ifike 10,000. Ikishuka futi 6,000 kwa dakika, itafika kwa dakika 4 na nusu, na mitungi ya oksijeni itabakiwa na zaidi ya nusu. Kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege kubwa zinataka, isipokuwa kwa hitilafu zilizothibitishwa kuwa nadra mno, abiria wasikae katika hewa ya zaidi ya futi 25,000 kwa zaidi ya dakika 2, wala wasifikishwe kamwe katika hewa ya zaidi ya futi 40,000. Kutoka futi 37,000 hadi 25,000 kwa dakika 2 ni futi 6,000 kwa dakika, kwa hiyo hesabu hiyo haikutoka hewani.

Wengi huogopa kwa kudhani kwamba ndege huporomoka kama jiwe. Tupige hesabu. Ndege inayokwenda kilomita 830 kwa saa na kushuka futi 6,000 kwa dakika inafuata mteremko usiofika nyuzi 8, yaani hushuka mita moja kwa kila mita saba na nusu inazosonga mbele. Wala kasi yenyewe si ya ajabu: Boeing 737-800 husafiri kwa kawaida katika asilimia 78 au 79 ya kasi ya sauti, na kikomo chake ni asilimia 82. Kinachomtisha abiria ni mtetemo wa vile vibao, ukungu unaojaa kabini kwa ghafla, baridi, na injini kunyamaza. Sura ya mteremko wenyewe, angeiona kutoka chini, isingemshtua sana.

Kwa upande wa bodi, njia hii inadai jambo moja, nalo ni kwamba ndege iwe nzima. Mitambo ya hewa ikizimika, au mpira wa mlango ukivuja, hakuna sababu ya kuogopa mwendo. Pakiwa na tundu, hesabu hubadilika, kama tutakavyoona.

Kuhusu kilicho chini, njia hii inahitaji nafasi. Juu ya bahari, au juu ya nyika ya Kwale na Kilifi, nafasi ipo tele. Gharama yake ni mafuta, kwa kuwa injini za ndege hunywa mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita kwenye futi 10,000 kuliko kwenye 35,000. Ndiyo maana ndege zenye injini mbili zinazovuka Bahari ya Hindi hupangiwa mapema mafuta ya kutosha endapo shinikizo litapotea katika sehemu mbaya kuliko zote njiani.

Kuhusu miili, lawama kubwa ya njia hii ni masikio. Hapa mpiga mbizi wa pwani ataelewa haraka kuliko mtu mwingine. Kutoka futi 35,000 hadi 10,000, shinikizo linaloongezeka juu ya ngoma ya sikio ni sawa na la mtu aliyezama baharini mita 4 na nusu. Mvuvi anayezamia pweza hufika huko kwa sekunde chache na kuzibua masikio yake bila kufikiri, ilhali abiria ana dakika 4. Mwenye mafua makali ataumia, na mtoto mchanga atalia, na kulia huko kunamsaidia kuzibua. Kwa maoni yangu, maumivu hayo ni ya kweli lakini hayatoshi kuwa sababu ya kukawia juu, kwa kuwa ubongo hauwezi kusubiri kama sikio linavyoweza.

Njia hii inawafaa walio katika ndege ambayo bodi yake haina dalili ya kuumia, hasa ikiwa juu sana, na hasa ikiwa imebeba wazee, wenye matatizo ya moyo, au wenye ugonjwa wa selimundu, ambao si wachache katika ukanda wetu wa pwani na ambao upungufu wa oksijeni unaweza kuwaletea maumivu makali na hatari.

Njia ya pili: kushuka kwa mwendo uliodhibitiwa

Njia hii humtaka rubani asiuzidi mwendo wa awali, yaani ule ambao ndege ilikuwa nao tatizo lilipotokea. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya shirika la Aloha aina ya Boeing 737, iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu katika visiwa vya Hawaii, ilipoteza sehemu ya paa lake yenye urefu wa mita 5 na nusu hivi ikiwa futi 24,000. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo na hakuonekana tena. Abiria waliokuwa wameketi mbele walijikuta chini ya anga tupu, mikanda yao ikiwa ndiyo kila kitu walichokuwa nacho. Marubani waliinua vibao vya mabawa na kushuka kwa mwendo wa chini ya kikomo, kiwango cha juu kikiwa karibu futi 4,100 kwa dakika, wakatua Kahului katika kisiwa cha Maui, na wengine wote wakatoka hai.

Wanafunzi huniuliza kwa nini mwendo wa awali uaminiwe kuliko mwendo mwingine wowote. Jibu ni kwamba bodi inapokuwa na shinikizo ndani hubeba mizigo miwili: msukumo wa hewa ya ndani na msukumo wa upepo wa nje. Ikishararuka, mzigo wa kwanza umeondoka, na uliobaki ni wa upepo. Mwendo ambao ndege ilikuwa nao dakika ile, na ambao bado imeushikilia bila kuvunjika zaidi, ndio mwendo pekee uliokwisha kuthibitishwa, na kila kilomita inayoongezwa juu yake ni jaribio jipya linalofanywa na watu ndani. Kwa sababu hiyo, miongozo ya watengenezaji humtaka rubani anayeshuku kwamba bodi imeumia apunguze mwendo na aepuke mageuzi ya ghafla, na baadhi humruhusu atoe magurudumu ili upepo umsaidie kushuka bila kuongeza kasi.

Muda ndiyo bei ya njia hii, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa. Kwa futi 4,000 kwa dakika, kutoka 37,000 hadi 10,000 ni chini ya dakika 7. Mpaka wa hatari uko kwenye futi 2,250 kwa dakika, ambapo safari hiyo hiyo humaliza dakika zote 12 za oksijeni. Kushuka kwa kawaida huwa karibu na mpaka huo au chini yake, na ndiyo maana "kushuka polepole tu kama siku zote" hakumo katika orodha yangu kwa ndege iliyo juu kiasi hicho.

Kuhusu kilicho chini, njia hii hailingani vizuri na milima, kwa kuwa ndege iliyoumia inatakiwa igeuzwe kwa upole na hivyo huhitaji nafasi pana zaidi. Juu ya bahari haina shida. Kuhusu miili, masikio hupata nafuu, lakini walio karibu na tundu hupigwa na baridi na upepo kwa muda mrefu zaidi, na kila dakika ya ziada ni nzito kwa asiyeweza kujivika barakoa mwenyewe.

Inawafaa walio katika ndege iliyotoa mshindo, iliyopoteza dirisha, mlango au kipande cha ukuta, au inayotetemeka kwa namna isiyo ya kawaida. Ugumu wake ni kujua. Rubani ameketi mbele, mlango umefungwa nyuma yake, na mitambo humwonyesha shinikizo limepotea bila kumwonyesha tundu. Mwenye kuliona ni mhudumu.

Njia ya tatu: kushuka kwa ngazi

Kuna mahali ambapo futi 10,000 ziko ndani ya jiwe. Kilele cha Kilimanjaro kiko futi 19,341, cha Mlima Kenya futi 17,057, na ndege inatakiwa ipite angalau futi 2,000 juu ya ardhi ya milima. Anayeruka karibu na Kilimanjaro hawezi basi kushuka chini ya futi 21,000 na ushei hadi ajiondoe hapo. Kwa bahati njema njia ya Mombasa na Nairobi hupita mashariki ya mlima huo, na milima ya Taita, ambayo hufika karibu futi 7,200, iko chini ya kimo tunachokitafuta. Anayekwenda kaskazini kuelekea Addis Ababa hana nafasi hiyo, kwa kuwa milima ya Bale hupanda hadi zaidi ya futi 14,000.

Njia hii humtaka rubani ashuke upesi hadi kimo salama cha kwanza, atulie hapo huku akielekea ardhi iliyo chini zaidi, kisha ashuke tena. Tarehe 14 Mei 2018, ndege ya Sichuan Airlines aina ya Airbus A319 ilipoteza kioo cha mbele cha upande wa rubani msaidizi ikiwa futi 32,000, karibu na milima ya Tibet. Upepo ulimvuta rubani msaidizi hadi kiwiliwili chake kikatoka nje kwa sehemu. Nahodha, Liu Chuanjian, aliteremka kwanza hadi futi 24,000 kwa sababu ya milima, akashuka zaidi ardhi ilipoanguka chini, akatua Chengdu, na watu wote 128 wakaokoka.

Muda ndio udhaifu mkubwa hapa. Kwenye futi 22,000 abiria bado anaihitaji barakoa, na mitungi inaendelea kuisha, kwa hiyo mashirika yanayovuka milima mirefu huweka oksijeni ya muda mrefu zaidi na kuchora mapema njia za kutorokea. Bodi haina la ziada, kwani kila ngazi inaweza kushukwa kwa mwendo wa njia ya kwanza au ya pili. Miili ndiyo inayolipa, hasa ya wagonjwa niliowataja. Inawafaa wote walio juu ya milima, kwa kuwa hawana nyingine.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ikiwa honi imelia, bodi haina mshindo wala mtetemo, na chini ni bahari au nyika, njia ya kwanza ndiyo ya kuanzia. Rubani mwanafunzi na azoee kuifanya bila pupa: barakoa, mawasiliano na mwenzake, kisha kushuka na kuwaarifu waongoza ndege, kwani kuna ndege nyingine chini yake.

Ikiwa shinikizo linapungua polepole na ndege bado iko chini, tuseme futi 15,000 ikitoka Mombasa, kusitisha kupanda na kurudi chini kwa mwendo wa kawaida kunatosha, mradi barakoa zimevaliwa kwanza. Hali hii ndiyo inayoninyima amani kuliko zote, kwa sababu haina kelele.

Ikiwa pamekuwa na mshindo, au ndege haiitiki usukani kama kawaida, rubani asiuzidi mwendo alio nao, na ashuke kwa njia ya pili hadi athibitishiwe kwamba bodi ni nzima. Ikiwa yuko juu ya milima, ramani itangulie, kisha achague mwendo wa kila ngazi kwa hali ya bodi yake.

Abiria asiyejua lolote kati ya haya na aivute barakoa kwa nguvu hadi ahisi pini ikichomoka juu, ajivike yeye kwanza ndipo amvike mtoto wake, na asiogope mfuko wake ukikosa kufura, kwa kuwa oksijeni hupita hata hivyo. Mwenye selimundu, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na aonane na daktari kabla ya safari, kisha awaambie wahudumu mapema alipoketi.

Mhudumu, akiwa kitini mwake na barakoa usoni, na anyanyue simu ya ndani mara tu anapoona kitu. "Kapteni, safu ya 14 kushoto, dirisha moja limetoka, ukuta ulio kando yake umepasuka, abiria wamefunga mikanda." Maneno hayo huchukua sekunde zisizofika kumi. Darasani tunayasema tena na tena kupitia barakoa, kwa sauti iliyozibwa, mwenzake msemaji akiwa upande wa pili wa chumba amegeuza mgongo na kuandika anachokisikia. Wiki ya kwanza huandika "safu ya 40" mahali pa 14. Tunaendelea hadi namba itoke sawa.